Nimekwama ukurasa wa tisa: je, hisabati hii si ya mtu kama mimi?

SWALI

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimezoea kusoma hapa barua za watu wenye matatizo ya ndoa na mirathi, kwa hiyo ninaandika nikiwa na wasiwasi kwamba shida yangu itaonekana ndogo. Hata hivyo imeninyima usingizi kwa mwaka mzima, na sina mtu wa karibu ninayeweza kumweleza akanielewa.

Yote yalianza darasani. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Tano habari za namba tasa, na ili kuwachangamsha niliwaomba watafute zile zinazoweza kuandikwa kama jumla ya namba mbili za mraba. Waliona upesi kwamba 5, 13, 17, 29 na 37 zinawezekana, na kwamba 3, 7, 11, 19 na 23 hazikubali hata ufanyeje. Kijana mmoja akagundua mwenyewe kwamba zinazokubali huacha baki la 1 zikigawanywa kwa 4. Jioni ile nilirudi nyumbani nikaendelea peke yangu. Badala ya x² + y² niliweka x² + 2y², kisha nikajaribu 3, 5, 6, 7 na 10 mahali pa ile 2, na kila mara nilipata orodha fupi ya mabaki iliyoamua ni namba tasa zipi zinakubali na zipi zinakataa.

Nilipofika 14 mpango wote ulivunjika. Namba 23 ni sawa na 3² + 14 × 1², lakini 79, ambayo nayo huacha baki la 23 ikigawanywa kwa 56, haiandikiki hivyo. Namba 127 na 71 zote huacha baki la 15. Ya kwanza inakubali, ya pili inakataa. Nilijaza kaunta buku mbili nikitafuta kosa langu, na sikuliona.

Baadaye nilisoma mtandaoni kwamba jibu la swali hili limo katika tawi la juu la nadharia ya namba linaloitwa nadharia ya uga wa klasi. Nilidunduliza fedha, nikamwomba ndugu yetu anayeishi ughaibuni aniletee kitabu kimoja chenye neno “utangulizi” kwenye jalada. Ni miezi sita sasa, na bado niko ukurasa wa tisa. Chuoni nilisoma somo moja la aljebra ya dhahania, tukapitia makundi na ringi, lakini muhula uliisha kabla hatujaigusa nadharia ya Galois, ile inayochunguza milinganyo kwa kutumia makundi. Kila sentensi ya kitabu hiki inanirudisha kwenye jambo ambalo sikufundishwa, na jambo hilo linanirudisha kwenye jingine.

Nilimwandikia mhadhiri mmoja aliyenifundisha zamani. Alinijibu kwa upole kwamba somo hili ni la watu waliolianza wakiwa vijana katika vyuo vikubwa, na kwamba mwalimu wa sekondari angefanya vyema kujiendeleza katika mbinu za ufundishaji. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema, huniuliza saa mbili ninazokaa na kitabu kila usiku zinatuletea nini, ilhali walimu wenzangu wanafundisha tuisheni na kujenga nyumba. Mimi mwenyewe nimeanza kuona aibu.

Je, niache? Au kipo kitabu kingine ambacho mtu kama mimi anaweza kuanza nacho? Au niombe nafasi ya masomo ya uzamili, ingawa watoto bado ni wadogo? Au ndiyo kusema akili yangu imefika mwisho wake?

Wako katika kutafuta,
Mwalimu wa Hisabati

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu nilitaka kuzihakiki namba zako. Ziko sahihi. Hukukosea popote katika zile kaunta buku mbili, na kwa kuwa umeishi mwaka mzima ukidhani huenda ulikosea, nimeona nikuambie hilo kabla ya jambo lolote jingine.

Nikikuelewa vizuri, una maswali mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja. Lipo swali la kitabu, yaani mtu mwenye elimu ya aljebra uliyo nayo wewe aingilie wapi katika nadharia ya uga wa klasi. Lipo pia swali la haki, yaani kama mwalimu, mama na mke anayeishi mbali na chuo chochote chenye wataalamu wa fani hiyo ana haki ya kutumia saa mbili za usiku wake kwa jambo lisiloleta fedha. Nahisi kwamba umelifanya swali la kwanza kuwa hakimu wa la pili: kwa kuwa kitabu kimekushinda, umeanza kuamini kwamba hukustahili kukifungua. Naomba tuyafungue yote mawili, kila moja peke yake.

Kuhusu kitabu, umelichukua neno “utangulizi” kama tunavyolichukua katika vitabu vya shule, ambako humaanisha mahali pa kuanzia mtu asiyejua kitu. Katika hisabati ya juu neno hilo humaanisha utangulizi kwa mtu aliyekwisha kumaliza kila kilichotangulia, na mwandishi mara nyingi hasemi ni nini hicho. Hata unene wa kitabu haukusaidii kupima. Jean-Pierre Serre ana kitabu cha hesabu za namba kilichotoka Ufaransa mwaka 1970, chembamba, kilichotokana na mihadhara yake kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Ni kitabu kizuri mno, lakini wanafunzi wale walikuwa wa École Normale Supérieure ya Paris, chuo kinachochagua wanafunzi bora kwa mtihani mgumu, na ukurasa wake mmoja unaweza kumchukua msomaji wa kawaida wiki nzima. Kwa hiyo, unapokwama ukurasa wa tisa, kabla ya kuuliza akili yako ina upungufu gani, ingefaa kuuliza kitabu hicho kiliandikiwa nani. Wewe mwenyewe umelieleza pengo lako kwa usahihi kabisa, kwamba muhula uliisha kabla ya nadharia ya Galois. Hilo ni pengo la ratiba.

Kuna dhana nyingine ninayotaka kuigusa kwa upole. Unaandika kana kwamba kitabu ndicho mlango, na kwamba yale ya kaunta buku yalikuwa mchezo wa nje ya nyumba. Historia ya tawi hili inasema vingine. Kanuni aliyoiona kijana wako kuhusu baki la 1 ndiyo ambayo mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alimwandikia msomi mwenzake Mersenne siku ya Krismasi ya mwaka 1640, bila kutoa uthibitisho. Leonhard Euler aliithibitisha zaidi ya miaka mia moja baadaye, kisha akafanya kile ulichokifanya jioni ile: mbele ya y² akaweka 2, kisha 3, kisha 5, na kuendelea. Alikusanya namba 65 ambazo orodha ya mabaki hutosha kuamua kila kitu, kubwa kuliko zote ikiwa 1848, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kikamilifu kwamba hakuna nyingine. Namba 2, 3, 5, 6, 7 na 10 ulizozijaribu zote zimo; 14 haimo. (Ungejaribu 11, ungekutana na ukaidi uleule mapema zaidi.) Mahali ulipokwama wewe ndipo walipokwama wao, na nadharia unayoitafuta ilizaliwa kwa ajili ya mahali hapo.

Niruhusu nikuonyeshe kidogo, kwa kuwa unayo zana ya kutosha. Chukua x² + 5y². Namba tasa 3 na 7 hazikubali, lakini zao lake, 21, linakubali: 4² + 5 × 1². Vivyo hivyo 3 × 23 ni 69, yaani 8² + 5 × 1², na 7 × 23 ni 161, yaani 9² + 5 × 4². Namba hizi 3, 7 na 23 ni za familia nyingine, ile ya 2x² + 2xy + 3y², na zao la wana wawili wa familia hiyo hurudi katika familia ya kwanza. Tazama tena: familia mbili, ya kwanza ikiwa kama moja katika kuzidisha, na ya pili ikijizidisha yenyewe hurudi kwenye ya kwanza. Hilo ni kundi la vipengele viwili, lilelile ulilofundishwa chuoni, na hizo familia ndizo “klasi” zinazotajwa katika jina la nadharia.

Kwa 14 familia ni nne: x² + 14y², 2x² + 7y², na pacha wawili, 3x² + 2xy + 5y² na 3x² − 2xy + 5y². Baki la kugawanya kwa 56 huweza kuwatenga pacha na zile mbili za mwanzo, lakini halina uwezo wa kuzitenga zile mbili zenyewe. Namba zako 79 na 71 hazikupotea. Ziko katika familia ya pili, kwa maana 79 ni 2 × 6² + 7 × 1², na 71 ni 2 × 2² + 7 × 3². Kinachozitenga ni kipimo cha aina nyingine: kwa namba tasa iliyopita mtihani wa mabaki, tafuta namba kamili x ambayo (x² + 1)² − 8 inagawanyika kwa namba hiyo bila baki. Kwa 23 jaribu x = 3, utapata 92, ambayo ni 4 × 23. Kwa 79 hutapata x yoyote. Uga wa klasi, kwa lugha nyepesi, ni mahali ambako mlinganyo huo hutoka, na nadharia yake inahakikisha kwamba kwa kila namba utakayoiweka mahali pa 14 kipo kipimo cha namna hiyo.

Sasa nije kwenye njia ulizonazo, na hatari za kila moja.

Ipo njia ya kulifuata swali lako mwenyewe. David Cox wa Marekani aliandika mwaka 1989 kitabu kiitwacho Primes of the Form x² + ny², ambacho kinaanza na Fermat na Euler, kinapita kwa Gauss na familia tulizozungumzia, kisha kinaieleza nadharia ya uga wa klasi kama chombo cha kujibu swali hilohilo. Mfano wa 14 umo. Sehemu yake ya kwanza inahitaji machache kuliko unayoyajua tayari, na toleo la tatu la mwaka 2022 lina majibu ya mazoezi, jambo kubwa kwa mtu anayesoma peke yake. Hatari yake ni kwamba katika sehemu ya pili Cox anazitaja kanuni kuu za nadharia bila kuzithibitisha, kisha anazitumia. Wapo wanaoridhika kuendesha gari bila kuifungua injini, na wapo ambao kutojua kilichomo kutawatesa. Kwa jinsi ulivyojaza kaunta buku mbili kutafuta kosa lisilokuwepo, nashuku wewe ni wa kundi la pili, lakini unayejijua ni wewe.

Ipo njia ya kurudi nyuma na kuziba mapengo kwa mpangilio. Hapa ningetaja kitabu cha Kenneth Ireland na Michael Rosen cha mwaka 1982, kinachoanza na mgawanyo wa namba katika vigawo tasa, kisha kikapanda taratibu kupitia sheria ya Gauss inayofungamanisha namba tasa mbili, kwamba kujua kama ya kwanza huacha baki sawa na la namba fulani ya mraba, zote zikigawanywa kwa ya pili, hukuambia kama ya pili hufanya hivyo kwa ya kwanza. Baada yake yupo Daniel Marcus na kitabu chake Number Fields cha mwaka 1977, chenye mazoezi mengi kuliko maelezo, kinachoishia kwenye mlango wa nadharia unayoitaka. Kitabu hicho hudai nadharia ya Galois, na kwa nadharia hiyo pamoja na historia ya somo lenyewe kuna maandishi ya Keith Conrad wa Chuo Kikuu cha Connecticut, mafupi, yanayopatikana bure mtandaoni, pamoja na mihadhara ya J. S. Milne, ambayo ni ya bure pia ingawa ni mizito zaidi. Pakua mara moja bando linapokuwepo, chapa kurasa kumi kumi pale steshenari, na utakuwa umetumia fedha kidogo. Hatari ya njia hii naifahamu kwa undani, kwa sababu nimewaona watu wazuri wakizama humo: maandalizi hayana mwisho. Kila kitabu kina kitabu chake cha kutangulia, na inawezekana mtu akajiandaa miaka kumi akasahau alikuwa anajiandaa kwenda wapi.

Wengine huzichanganya njia hizi mbili, wakimweka Cox mezani na kumfungua Ireland na Rosen pale tu panapouma. Mchanganyiko huo hukusogeza, lakini unadai mtu avumilie kuacha mambo nusunusu kwa muda. Njia yoyote utakayoifuata, programu ya kukokotoa namba iitwayo PARI/GP, iliyotengenezwa Bordeaux, Ufaransa, hutolewa bure, hufanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, na kuna toleo la simu. Kile ulichokitafuta kwa kalamu kwa mwezi itakupa kwa dakika moja, nawe utabaki na muda wa kuuliza kwa nini.

Masomo ya uzamili nayataja kwa uangalifu. Faida yake kubwa ni wenzako: mtu wa kumuuliza mstari wa tatu unasema nini, na jibu likapatikana kabla ya chai. Kigali ipo taasisi ya AIMS yenye uzamili wa mwaka mmoja wa sayansi za hisabati, na viko vyuo vikuu vya nchini. Lakini fani hii ni finyu, na unaweza kuhama, ukawaacha watoto, kisha ukakuta kwamba mwaka huo hakuna anayeifundisha. Kabla hujajaza fomu yoyote, ningetaka uandike barua na kuuliza nani anasimamia nadharia ya namba, na wahitimu wake wa karibuni waliandika tasnifu kuhusu nini. Ujiulize pia kama unachokitamani ni shahada au ni kuelewa, kwa kuwa viwili hivyo si lazima viende pamoja, na gharama zake hazifanani.

Yule mhadhiri sidhani alikutakia mabaya. Huenda alitaka kukukinga na maumivu. Hata hivyo, nikisoma maneno yake namkumbuka mwanahisabati Takagi Teiji wa Japani. Alisoma Göttingen, Ujerumani, akiwa kijana, kweli, lakini kazi yake kubwa aliifanya Tokyo wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata mawasiliano ya kitaaluma na Ulaya, bila mwenzake wa kumkosoa. Matokeo aliyoyapata yalikuwa mapana kiasi kwamba yeye mwenyewe alidhani kuna kosa mahali fulani, akalitafuta kwa muda mrefu. Aliyatangaza mwaka 1920, na ndiyo nguzo ya nadharia ya uga wa klasi. Emil Artin alijenga juu yake mwaka 1927. Simlinganishi yeyote na Takagi. Nakutajia hali ile ya mtu aliye mbali, anayeshuku hesabu zake ilhali ziko sahihi, kwa sababu niliiona katika barua yako.

Kuhusu mume wako, swali lake la saa mbili zinaleta nini umelisikia kama hukumu. Je, inawezekana kwamba anauliza kwa kuwa hajawahi kuambiwa? Umemweleza kwamba kitabu ni kigumu. Sijui kama umewahi kumwonyesha 23 na 79. Pia ana haki ya kujua kama saa hizo ni za miezi sita au za miaka sita, na kama zinaweza kuwa siku tatu kwa wiki badala ya saba, ili tuisheni na wewe mwenyewe mpate nafasi. Mazungumzo hayo yanaweza kwenda vibaya, sikufichi, na kama fedha za nyumbani ni finyu kweli, yeye naye ana hoja. Lakini kwa sasa mnabishana juu ya kitu ambacho mmoja wenu hajakiona.

Nikuachie kitu cha Ijumaa jioni, madaftari ya wanafunzi yakishasahihishwa. Namba tasa 7, 13, 19, 31, 37 na 43 zote huacha baki la 1 zikigawanywa kwa 3. Katika hizo, 31 na 43 pekee huandikika kama x² + 27y². Chukua 31, kokotoa 4³, uone inaacha baki gani ikigawanywa kwa 31. Kisha chukua 43 na ukokotoe 20³, uigawanye kwa 43. Rudi kwa 13 na 37, utafute baki lilelile kwa namba yoyote iliyopandishwa kipeo cha tatu, mwite na yule kijana wa Kidato cha Tano mtafute pamoja, na mkiona jambo, niandikie tena.

Mshauri wako